Vipande Kumi na Tisa vya Dhamana

Tarehe 14 Machi 1951, siku ya Jumatano, nilimpoteza mume wangu. Wiki mbili baadaye cherehani yake nayo ilikatika kichuma cha ndani ikanyamaza. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu yalinijia pamoja, si kwa sababu yana uzito sawa.

Mume wangu alikuwa fundi wa nguo pale Keroka. Alishonea kwenye baraza ya duka moja lililotazama barabara kuu, na nyumba yetu ilikuwa juu kilimani, mwendo wa nusu saa. Alikuwa mrefu sana. Akiketi kwenye cherehani magoti yake yalipanda hadi karibu na kidevu, kama panzi aliyekunja miguu. Watoto wa sokoni walimwita hivyo, na yeye alikuwa akiwajibu kwamba panzi hata siku moja hajaonekana amevaa suruali iliyochanika.

Cherehani aliinunua mjini Kisii mwaka 1948. Alitoka nyumbani alfajiri akarudi jioni, na nilipomuuliza kilichomchelewesha alisema cherehani aliichagua upesi, ila karatasi ndiyo iliyomkalisha. Ilikuwa karatasi nzuri, nene, yenye pambo la majani pembeni, na juu yake maneno ya Kiingereza ambayo yeye na mimi hatukuyajua. Mimi nilisoma misheni miaka mitatu, yeye minne. Alipofika tu aliiweka cherehani chini, karatasi akaishika kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo dhamana," aliniambia.

"Na hiyo uliyoiweka chini?"

"Hiyo ni cherehani tu."

Kesho yake aliipeleka kwa mwalimu wa misheni, amsomee kwa Kiswahili. Mwalimu alimsomea. Siku ya pili alirudi amsomee tena, na siku ya tatu mwalimu akamwandikia kwenye daftari ili apumzike. Karatasi yenyewe mume wangu aliichomeka darini, juu ya meko, pamoja na mbegu za wimbi. Kwetu kitu cha maana hukaa kwenye moshi ili wadudu wasikiguse. Haukupita mwaka karatasi ikawa na rangi ya tumbaku na harufu ya samaki mkavu, lakini kweli wadudu hawakuigusa.

Maneno ya daftari aliyasoma mara nyingi hata mimi nikayashika. Yalisema kwamba kampuni inaahidi, kwa muda wa miaka mitano tangu siku ya kununua, kumtengenezea au kumbadilishia mnunuzi wa kwanza kipande chochote kitakachoharibika kwa ubovu wa chuma au kwa kosa la mafundi wa kiwandani. Isipokuwa kama cherehani imeangushwa, imeingia maji, imeunguzwa, imefunguliwa na mtu asiyejua kazi, au imetiwa mafuta yasiyofaa.

"Unaona?" aliniambia. "Dhamana yenyewe inaanzia kwenye 'isipokuwa'. Kabla ya hapo wanakusalimu tu."

Nilimuuliza kama na yeye, aliponioa, alikuwa na dhamana. Alifikiri kidogo, maana hakupenda kujibu haraka hata mzaha.

"Mume anatolewa jinsi alivyo," akasema. "Hata mafuta yake hayajaandikwa."

Kutoka hapo akaingiwa na wazo la kutoa dhamana yake mwenyewe. Alisema kama watu wa mbali, ambao hawatamwona mteja maisha yao yote, wanaweza kuahidi miaka mitano, yeye anayekutana na wateja wake kila siku ya soko hawezi kushindwa kuahidi mwaka mmoja. Mafundi wenzake watatu wa barazani walimcheka. Mmoja alimwambia, "Bwana, ukiahidi utarudishiwa nguo zote za Keroka."

"Zikirudi nitajua nilipokosea," akasema. "Wewe unajuaje?"

Kwa kuwa wateja wengi hawakujua kusoma, hakuandika karatasi. Kila alipomaliza nguo alikata vipande viwili vidogo vya kitambaa kile kile, upana wa vidole viwili, akashona kwenye kila kimoja alama ya msalaba kwa uzi mwekundu. Kimoja alimpa mteja, cha pili alikiweka kwenye mkebe wa majani ya chai. Mteja akirudi na nguo iliyoachia mshono, alitoa kipande chake, mume wangu akatafuta mwenzake mkebeni, na vikilingana akashona bila malipo. Mwaka ukipita kipande alikitoa mkebeni akakitia ndani ya mto wetu wa kulalia. Tulilalia ahadi zilizokwisha, na mto ulikuwa mgumu.

Masharti aliyasema kwa mdomo wakati wa kukabidhi nguo, huku mteja ana haraka ya kwenda. Dhamana ilikuwa ya mshono, si ya kitambaa, maana kitambaa hakukifuma yeye. Haikuwa ya vifungo, kwa sababu watu walivitafuna. Haikufanya kazi siku ya Sabato. Na haikuhusu mwili.

Hilo la mwili lilitokana na bwana mmoja aliyepata kazi ya uandishi kwa chifu. Alirudi baada ya miezi minane na suruali iliyopasuka nyuma, akatoa kipande chake kwa kishindo mbele ya watu. Mume wangu aliikagua suruali kama daktari. Aliupima mshono kwa vidole, akamtazama yule bwana, akautazama mshono tena.

"Uzi haukukosa," alisema. "Tumbo ndilo lililovunja masharti."

"Fundi, unanitukana?"

"Sikutukani, bwana. Nakupongeza. Lakini nilipokupima ulikuwa mtu mmoja."

Baraza zima lilicheka, na yule bwana mwenyewe mwishoni akacheka. Suruali ilipanuliwa, akailipia. Mwingine alileta koti akidai mshono umeachia wenyewe, na mume wangu akachomoa kwenye uzi nywele tatu za ng'ombe akampa mkononi. Yule mtu aliziangalia, akasema, "Alinipiga pembe," akaketi kungoja zamu yake ya kulipa.

Nilimtania sana kwa mambo haya. Lakini niliona kwamba watu walianza kupita mafundi wengine wakaja kwake, hata kutoka Nyamira, na kwamba alishona polepole zaidi kuliko zamani. Alikuwa akirudia mishono ya kwapani mara mbili. Nilipomuuliza alisema ni uvivu wa kushona mara ya tatu.

Mwisho wa mwaka 1950 kifua kilimshika. Alishona huku akikohoa, baadaye akaihamishia cherehani nyumbani, na kufikia katikati ya Januari hakuweza tena kuzungusha gurudumu. Kazi zilizobaki alinielekeza nikamalizia mimi, bila kuzikatia vipande vya dhamana, yeye amelala akisikiliza. Alijua kwa mlio tu kama nimekosea. Kichupa cha mafuta ya cherehani kilikwisha siku hizo, cherehani ikaanza kulia. Kutoka kitandani alisema, "Inataka mafuta." Kisii ilikuwa mbali na sikutaka kumwacha.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi pale pale na kibuyu chake cha samli.

"Tia haya," akasema.

"Mama, haya ni ya watu."

"Tumempaka kila mtoto aliyezaliwa boma hili, na hakuna aliyekakamaa."

Nikatia. Cherehani ikanyamaza papo hapo ikaenda laini, na mume wangu akadhani nimepata mafuta yake. Sikumwambia. Hilo ndilo jambo moja nililomficha katika ugonjwa wake, nami nalitaja hapa kwa kuwa baadaye lilinitafuta.

Tulimzika. Watu waliotoka misheni waliimba vizuri. Siku ya kumi, wakati waombolezaji wa mwisho wako uani wanakula obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga za chinsaga, aliingia mama mmoja mjane kutoka upande wa Nyacheki. Alisalimia, akalia kidogo kama ilivyo desturi, akaketi. Kisha akafungua pindo la leso yake akatoa kipande cha kitambaa cha buluu chenye msalaba mwekundu. Chini ya mkono alikuwa na gauni limekunjwa.

"Sikujua," alisema. "Nimejulia barabarani. Nilitaka kurudi lakini nilikuwa nimeshafika."

Pale uani watu wakaanza kuamua. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisema kwanza, maana yeye alisema kwanza siku zote. Alikuwa mfupi, mkulima wa pareto, mwenye baiskeli na maneno mengi.

"Dhamana ilikuwa mdomo wa mtu," alisema. "Na mdomo umefungwa. Mama, pole, lakini ndivyo."

Mzee mmoja akasema hapana, mtu akiahidi ng'ombe akafa, ndugu zake hutoa ng'ombe. Shemeji akajibu kwamba ng'ombe yupo zizini lakini ufundi umekwenda kaburini. Yule mjane aliomba radhi kwa wote wawili na kuanza kulikunja tena gauni lake.

Mimi nilikwenda ndani nikafungua mkebe wa chai. Nilivimwaga vipande kwenye mkeka nikavihesabu. Vilikuwa kumi na tisa. Kimoja kilikuwa cha buluu. Nikatoka nikamwambia yule mama anipe gauni, nitalishona, aje kulichukua siku ya soko. Sikuwa na ujasiri wala sikuwa na hotuba. Nilitaka jambo moja tu, kwamba mwaka uishe bila mtu hata mmoja kusema sokoni Keroka kwamba fundi yule aliahidi, akafa na ahadi yake.

Nililiweka gauni kwenye cherehani siku ya tatu. Gurudumu lilikuwa gumu. Samli ilikuwa imeganda ndani kwa baridi ya mvua za masika, ikashika vumbi la nyuzi ikawa kama ugali uliolala. Mimi sikujua. Nilidhani ni mikono yangu imelegea kwa kulia, nikasukuma kwa nguvu. Ikatoa mlio mdogo kama mfupa wa kuku unapovunjwa. Kichuma kinachobeba uzi wa chini kilikuwa vipande viwili.

Gauni la buluu nililimaliza kwa mkono. Lakini vilibaki kumi na nane, na mishono ya mkono kwenye makoti mazito ilinishinda vidole. Hapo ndipo shemeji alipoikumbuka karatasi ya darini.

"Miaka mitano haijaisha," alisema, akiipulizia masizi. "Twende Kisii. Tunadai."

Nilimkumbusha kwamba karatasi inasema mnunuzi wa kwanza.

"Basi?" akasema. "Mimi si ndugu yake?"

Niseme wazi jambo hili kwa asiyejua kwetu. Mtu mwenye mke na watoto akifa, nyumba yake haifutiki. Ndugu anasimama mahali pake, na watakaozaliwa huitwa watoto wa marehemu. Sisi tulikuwa Waadventista, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia wazee kwamba sitarithiwa. Shemeji mwenyewe alishukuru aliposikia, kwa sababu mke wake alikuwa mkali. Lakini desturi ilikuwa bado ndani ya mifupa yake. Kwake kusema "mimi ndiye niliyenunua" halikuwa jambo la uongo. Lilikuwa adabu.

Tulifunga kichwa cha cherehani kwa blanketi na kukifunga nyuma ya baiskeli kama mtoto mgonjwa. Yeye aliisukuma, mimi nilitembea pembeni nimekishika kisianguke, maana kuanguka kulikuwa kwenye yale ya isipokuwa. Tulitoka kabla ya jua kuchomoza, tukafika Kisii mchana.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliipokea karatasi, akainusa, akaiweka mbali kidogo na pua.

"Hii karatasi napikwa?"

"Imehifadhiwa," shemeji alimjibu. "Ni dhamana ya hii cherehani. Mimi ndiye niliyenunua."

Mwenye duka alivua miwani, akaivaa tena.

"Wewe?"

"Mimi."

"Bwana, yule nanunua hii mashini alikuwa refu. Nakaa hapa kutwa nzima nauliza maswali. Kichwa yake nagonga taa yangu ile pale. Wewe hata ukipanda kiti hapana fika taa."

"Kwetu mtu akifa, ndugu yake anakuwa yeye," shemeji akasema. "Urefu hauhusiki."

"Kampuni hapana jua kwetu. Kampuni najua mnunuzi ya kwanza."

"Ndiyo mimi. Wa kwanza baada yake."

Nilitazama chini. Nilijua kwamba nikinyamaza huenda mwenye duka akachoka. Shemeji alikuwa na uwezo huo wa kuchosha watu. Lakini nilisikia jina la mume wangu likikaribia kuchukuliwa na mtu mwingine aliye hai, na sikuweza.

"Aliyenunua amekufa mwezi wa tatu," nilisema. "Huyu ni shemeji yangu. Mimi ni mke wa yule mrefu."

Mwenye duka aliacha mzaha. Akasema, "Pole, mama. Pole sana." Akaitazama ile taa. Kisha akasema kwamba mambo ya mnunuzi wa kwanza yaliandikwa ili watu wasiuziane cherehani mbovu mkono kwa mkono kisha walete dukani. Mjane si mkono wa pili. Kuhusu hilo angewaandikia wenye kampuni Nairobi, na alidhani wangekubali. Shemeji alinigonga kiwiko kwa furaha.

Mwenye duka akafungua blanketi, akalaza cherehani ubavu, akafungua kifuniko cha chini. Akainama. Akainusa kama alivyoinusa karatasi.

"Nani natia samli?"

"Sisi hatujui," shemeji alisema upesi. "Pengine imetoka nayo kiwandani."

"Mimi," nilisema.

Shemeji alitoa pumzi kama gurudumu la baiskeli lililochomwa.

"Mama," mwenye duka akasema, "hii mashini ama chapati?" Lakini alisema kwa upole. Alichomoa vile vipande viwili vya chuma, akavifuta, akavipeleka mlangoni penye mwanga. Alivigeuzageuza kwa muda. Aliporudi alisema kwamba ndani ya chuma, pale kilipokatikia, palikuwa na doa dogo jeusi. Pengine kilikuwa na ubovu tangu kiwandani, pengine hakikuwa nao. Angeweza kuandika "chuma kibovu" akanyamaza kuhusu samli, na kampuni ingetuma kingine bure. "Mimi nasafisha mafuta yote kwanza. Nani nanusa huko Nairobi?"

"Andika," shemeji akasema.

Mimi nilifikiri. Nasema kweli nilitaka aandike. Nilikuwa nimetembea kutoka Keroka na vidole vyangu vilikuwa na matundu ya sindano. Lakini nilimkumbuka mume wangu akichomoa zile nywele za ng'ombe kwenye koti na kumpa mwenyewe mkononi. Kama angekuwa upande wa pili wa meza ile, angeikuta samli yangu.

"Kama huna hakika ni chuma, andika yote mawili," nilisema. "Andika doa, na uandike samli. Waamue."

"Wakisoma samli wanakataa, mama."

"Basi wakatae."

Shemeji alitoka nje ya duka. Nilimwona kupitia mlangoni akizunguka baiskeli yake, akiipiga tairi teke, akiongea nayo. Mwenye duka aliandika. Aliandika kwa Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili chake, na yote mawili yalikuwamo. Alisema jibu lingechukua mwezi, na kama wangekataa, kichuma kingebidi kuagizwa na kulipiwa. Shemeji alikuwa amerudi mlangoni, akasikia.

"Nani atalipa?" akauliza.

"Mimi," nikasema, ingawa sikujua fedha nitazitoa wapi.

"Wewe? Hapa mnunuzi ni nani?" Alikuwa amekasirika bado. "Nimesimama hapa mbele ya watu nikasema mimi ndiye niliyenunua. Sasa niseme si mimi, kwa sababu imefika kulipa? Bwana, wakikataa, agiza. Nitalipa kwa pareto."

Nikamwambia taratibu, kwa Kiingusii ili mwenye duka asielewe, kwamba sitaki watu waseme amesimama mahali pa ndugu yake.

"Nimesimama mahali pake kwenye cherehani tu," alinijibu, kwa Kiswahili, ili mwenye duka aelewe. "Chakula nakula kwa mke wangu."

Nairobi walikataa. Barua yao ilikuwa fupi na yenye heshima. Mwenye duka alimsomea shemeji, na shemeji akanijia kunisomea kwa kichwa, akilitamka neno samli kwa sauti kubwa kuliko mengine. Kichuma kiliagizwa. Kilikuja mwezi wa Oktoba. Kabla ya hapo walikuja watu wanne na vipande vyao, na wote niliwashonea kwa mkono usiku haujaingia, nikiwa nimeketi mlangoni. Mmoja wao aliukagua mshono wangu, akaniambia mume wangu alikuwa akishona wima zaidi. Nilimwambia ni kweli.

Mwenye duka aliisafisha cherehani kwa mafuta ya taa, akatia kichuma kipya, akanipa kichupa cha mafuta. Juu ya kichupa alibandika karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa: HII. Shemeji alicheka kutoka Kisii hadi Keroka. Tangu siku hiyo kila nilipomkaribisha chakula aliuliza kama kimetiwa mafuta yanayofaa.

Vipande mkebeni viliendelea kupungua. Vingine mwaka wao uliisha, nikavitia kwenye mto. Mwanzoni mwa Januari 1952 kilibaki kimoja, cha kaki nzito. Nilikifahamu. Lilikuwa koti la mwisho alilolishona mwenyewe mume wangu kabla hajalala, na lilikuwa la mzee mmoja mlinzi wa ghala la mahindi. Nilihesabu siku zake. Nilikuwa nataka asije, na nilikuwa nataka aje.

Alikuja siku mbili kabla ya mwaka kuisha. Nilikuwa nimerudi kushonea kwenye baraza ile ile. Aliweka kipande mezani, akavua koti, akanionyesha kwapa la kulia.

"Limeachia," alisema. "Na mimi sijanenepa. Nitazame."

Nilimtazama. Hakuwa amenenepa. Nikaugeuza mshono. Kwapani, mahali mume wangu alipokuwa akirudia mara mbili, alikuwa amepita mara moja tu. Mishono ilikuwa mirefu, imelegea, ikipinda kila baada ya inchi mbili tatu. Nilijua alipokuwa akikohoa. Ningeweza kuonyesha kwa kidole: hapa, na hapa. Halikuwa kosa la kitambaa wala la mzee. Lilikuwa kosa la fundi, na dhamana ililihusu.

Niliufumua, nikaushona upya kwa cherehani, mara mbili. Halafu nikageuza kwapa la kushoto. Lilikuwa zima bado, lakini mshono ulikuwa ule ule. Ningemrudishia lilivyo, asingejua kwa miezi. Nilikaa nalo mkononi.

"Kuna nini?" mzee akauliza.

"Na hili litaachia," nikasema.

"Lini?"

"Sijui. Lakini litaachia."

"Basi fumua, mama. Unangoja niende nirudi? Mimi ni mzee."

Nikalifumua na la kushoto. Lilitoka kwa urahisi, uzi mmoja mrefu. Nikalishona.

Mzee akauliza, "Na wewe, unatoa dhamana kama yeye?"

"Mwaka mmoja. Mshono tu. Si kitambaa, si vifungo, si mwili."

"Na ukifa?"

"Mpelekee shemeji yangu. Ni mfupi, ana baiskeli. Atakwambia yeye ndiye mimi."

Mzee alicheka hadi akakohoa, kikohozi cha kawaida cha tumbaku. Nikakata vipande viwili kwenye pindo la ndani la koti, nikashona msalaba kwa uzi mwekundu, nikampa kimoja, kingine nikakiweka kwenye mkebe. Alivaa koti lake, akashuka barazani, akaenda hadi ukingo wa barabara. Pale akasimama, akainua mikono yote miwili juu kabisa ili ajaribu makwapa. Lori la mizigo lililokuwa likienda Kisii likadhani linasimamishwa, likafunga breki mbele yake. Mzee alilitazama lori, akanitazama mimi, akapanda.